Habari na Hadithi katika Kufundisha Sayansi: Kutoka Msimulizi hata Simba wa Kibaoni

Kibaoni ni kijiji cha Mpimbwe, katika bonde la Rukwa, mkoa wa Katavi, magharibi ya Tanzania. Msafiri atokaye Mpanda hupita Sitalike, akakata Hifadhi ya Taifa ya Katavi kutoka kaskazini hata kusini, ndipo afikapo huko. Jina lenyewe ni la Kiswahili, nalo lapatikana mahali pengi Tanzania na Kenya. Aghalabu lilizaliwa penye njia panda, pale kilipochomekwa kibao cha kuwaonyesha wasafiri waendako. Kwa hiyo ni miongoni mwa majina ya vijiji yatokanayo na maandishi. Watoto wa upande huo huingia shuleni na lugha za nyumbani zaidi ya moja, Kipimbwe, Kifipa, Kisukuma na nyinginezo, na Kiswahili ndicho kiwakutanishacho. Huingia pia na mambo ya simba.

Mambo hayo si mageni kwao, kwa kuwa hifadhi iko jirani. Mtoto wa Mpimbwe amesikia ya kwamba katika mkwaju ulioko kando ya ziwa Katavi hukaa mzimu uitwao Katabi, ambao Wabende wameutolea sadaka tangu zamani, na ambao jina lake limekuwa jina la ziwa, jina la hifadhi iliyotangazwa mwaka 1974, na tangu 2012 jina la mkoa mzima. Amesikia tena, na pengine ameona kwa macho yake, kwamba Msukuma aliyeua simba hupambwa, akacheza ngoma nyumba kwa nyumba, akapewa zawadi. Basi amekwisha kujaa habari na hadithi kabla hajafunguliwa kitabu. Kitabu nacho kikifunguliwa humwambia kwamba simba ni mamalia, wa jamii ya paka, alaye nyama. Maneno hayo ni ya kweli tupu; lakini hayakutani na lo lote katika yale mtoto aliyokuja nayo.

Namna shule za Kiswahili zilivyojaribu kuyakutanisha mambo hayo matatu, yaani elimu ya sayansi, habari ya gazeti na hadithi ya barazani, ina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa, wala haikwenda kwa mstari mmoja.

Yafaa kwanza kuyatazama maneno. Habari na hadithi yote mawili yametoka katika Kiarabu, na huko kwao hadithi ni neno zito: ni maneno yaliyopokewa, hasa ya Mtume, yenye mlolongo wa wapokezi ambao kila mmoja aweza kuulizwa ameyasikia kwa nani. Waswahili hawakuipoteza maana hiyo msikitini, lakini barazani walilipa neno hilo kazi nyingine. Msimulizi wa hadithi huanza kwa kuukaribisha uongo uje pamoja na utamu wake, na wasikilizaji huitikia kwa furaha. Baada ya hapo hapana mwenye haki ya kuuliza sungura alijifunza wapi kusema. Habari nayo imekwenda njia yake. Mtu huulizwa habari, akajibu njema hata kama ametoka matangani, na habari yenyewe hufuata baadaye, adabu ikiisha kutimizwa. Usemi wa tatu, ule wa kudai ushahidi papo hapo, ulikuwa wa kadhi na wa mwanachuoni zaidi kuliko wa barazani. Sayansi ilipoingia katika Kiswahili ilipaswa kutafuta nyumba katika mojawapo ya semi hizo, na uchaguzi wake haukuwa mwepesi.

Gazeti mojawapo la kale kabisa katika magazeti ya Kiswahili lilijiita Msimulizi. Lilitolewa na misioni ya UMCA huko Kiungani, Unguja, tangu mwaka 1888, na ndani yake zilikusanywa habari za vituo vya misioni, vya visiwani na vya bara. Jina lake lastahili kuangaliwa, maana mtu wa hadithi amepewa kazi ya habari. Gazeti hilo lilizaliwa shuleni, likasomwa na watu waliotoka shuleni, na kwa miaka mingi baadaye magazeti ya Kiswahili hayakuacha kuwa na harufu ya darasa. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 Kiongozi, gazeti la serikali ya Wajerumani, lilipigwa chapa katika shule ya Tanga, na wanafunzi wenyewe walifunzwa kazi ya mtambo. Walimu na makarani waliotawanyika katika nchi waliliandikia barua juu ya mambo waliyoyaona huko waliko. Mtu aliyeandika toka mbali juu ya nzige au juu ya mvua hakuwa akiandika sayansi, lakini alitaja mahali, alitaja wakati, na jina lake liliwekwa chini ya maneno yake. Hayo ndiyo mambo ambayo hadithi ya barazani haidai, na ambayo somo la sayansi haliwezi kuishi bila hayo.

Mamboleo lilikuja mwezi wa Januari 1923, likitolewa na Idara ya Elimu ya Tanganyika. Wasomaji wa makamo walikua nalo: habari za dunia, maelezo ya kilimo na ya afya, mashairi, hadithi, na barua za wasomaji ambao waliweza kugombana mwaka mzima juu ya neno moja. Kwa upande wa lugha gazeti hilo lilifanya kazi ambayo hapana kamusi ingaliifanya, maana lilizoeza Kiswahili cha nathari kusema juu ya mbu, mbolea, maji ya kunywa na mmomonyoko wa ardhi, kwa sentensi ambazo mwalimu wa shule ya kijijini aliweza kuzisoma kwa sauti mbele ya darasa na kueleweka. Walakini lilikuwa gazeti la serikali, na katika mambo ya afya na kilimo sauti yake ilikuwa ya mwenye kuamuru. Msomaji aliyekuwa hodari wa kubishana juu ya mizani ya shairi alitazamiwa anyamaze mbele ya habari ya mbu. Ukurasa mmoja ulikuwa wa majadiliano na ukurasa wa pili ulikuwa wa agizo, na darasani ukurasa wa agizo ndio uliorithiwa.

Tofauti hiyo si ndogo, na magharibi ya Tanganyika ilionekana katika mambo ya malale. Kwamba ugonjwa huo huchukuliwa na mbung'o, au ndorobo kama wasemavyo watu wengi wa bara, ulikwisha onyeshwa Uganda mwaka 1903 na David Bruce pamoja na wenzake. Ni habari ya ajabu, ifaayo kusimuliwa: usingizi uuao watu, nzi adhaniwaye kuwa adui wa ng'ombe tu, na daktari afuataye nyayo za nzi huyo mpaka mwambao wa ziwa. Lakini tangu miaka ya 1920 watu wengi wa magharibi hawakuipata kama habari. Waliipata kama amri ya kuhama. Wakakusanywa katika makao makubwa, na mashamba yao ya kale yakarudi kuwa pori, ambamo mbung'o na wanyama walizidi. Shinyanga mambo yalikwenda njia tofauti kidogo. C. F. M. Swynnerton alipatana na watemi, na maelfu ya Wasukuma wakatoka kufyeka vichaka, kwa kuwa ng'ombe wao walikuwa wakifa mbele ya macho yao na uhusiano wa kichaka, nzi na kifo ulikuwa jambo waliloweza kulipima wenyewe. Swynnerton alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Wasukuma waliokuja kuhamia bonde la Rukwa na makundi yao ya ng'ombe tangu miaka ya 1970 walitoka katika nchi yenye kumbukumbu hiyo. Watafaa kukumbukwa mbele.

Mwaka 1930 Halmashauri ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika ya Mashariki iliundwa, na vitabu vya shule vikaanza kupita mikononi mwake ili lugha yake isanifiwe. Mengi yamesemwa juu ya kazi hiyo, mazuri na mabaya, na hapana haja ya kuyarudia. Yatosha kusema jambo moja lihusulo sayansi: Halmashauri, na baada yake Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili kilichoingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1964, na baadaye TUKI iliyotoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, zote zilielekeza nguvu katika istilahi. Hapana atakayekana kuwa nguvu hizo zilihitajika. Lakini istilahi ni jina la kitu kilichokwisha julikana. Mwanafunzi apewaye jina kabla ya tukio hulihifadhi kama alihifadhivyo jina la mji asiotazamia kufika, na mtihani humsifu kwa hayo.

Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi, katika mwaka uliofuata Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea ya 1967, ilidhaniwa na wengi kwamba tatizo limekwisha, maana mtoto sasa atafundishwa kwa lugha aielewayo. Tatizo lilipungua, halikuisha. Mtoto aweza kukariri kwa Kiswahili vile vile kama alivyokariri kwa Kiingereza, tena kwa urahisi zaidi.

Jambo kubwa la miaka hiyo halikutoka katika madarasa ya watoto bali katika madarasa ya watu wazima. Mwaka 1973 ilifanywa kampeni iitwayo Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 vikundi vya watu vilikutana vijijini kusikiliza redio, kisha mmoja akasoma kitabu kwa sauti, kisha wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufukia dimbwi, kufyeka majani yaliyokaribia nyumba. Viongozi wa vikundi zaidi ya 70,000 walifundishwa kazi hiyo, na watu waliohudhuria walikadiriwa kuwa milioni 2. Miaka miwili baadaye ikaja kampeni ya namna hiyo hiyo juu ya lishe, Chakula ni Uhai. Idadi ya vyoo vilivyochimbwa imesifiwa sana, na kwa haki; lakini kwa mchunguzi wa lugha la kuangaliwa ni mpango wa mkutano wenyewe. Habari ilisikika ikitoka mbali, ikathibitishwa na maandishi, kisha ikaletwa nyumbani kwa maswali: ni nani hapa kijijini aliyeugua hivi, na alikuwa akichota maji wapi? Kichocho kikawa na jina la mto. Maelezo ya daktari yalipata mahali, wakati na shahidi, yaani mambo yale yale ambayo mwandishi wa barua katika gazeti la zamani aliyatia bila kufundishwa.

Hata hivyo kisa kilicho bora kuliko vyote katika historia ya jambo hili nchini Tanzania hakikupangwa na idara yo yote. Ni kisa cha Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, karibu na Lushoto, na wanafunzi wa hapo walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayatia katika jokofu, ambamo nafasi zilikuwa chache na kila mmoja aliziwania. Siku moja Mpemba alimwona mwenzake akitia maziwa yake bila kuyachemsha ili awahi nafasi. Yeye naye, kwa kuogopa kukosa, akayatia yake yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu alikuta maziwa yake yamekwisha ganda, na ya mwenzake hayajaganda. Akamwuliza mwalimu wa fizikia sababu yake. Akaambiwa kwamba bila shaka alichanganyikiwa.

Mtu mwingine angaliacha hapo. Mpemba alikubali kwa mdomo, lakini baadaye alikutana na rafiki yake mmoja, muuza aiskrimu katika mji wa Tanga, ambaye alimwambia kwamba yeye hutia mchanganyiko ungali moto, maana hivyo huganda upesi. Ni vigumu kudhani kwamba mazungumzo hayo yalikuwa ya Kiingereza. Elimu ya muuza aiskrimu ilikuwa ya mkono na ya hasara na faida, wala haikuandikwa mahali. Lakini ilikuwa ushahidi wa pili, na mwenye mashahidi wawili hawezi tena kuambiwa kuwa amechanganyikiwa bila yeye kuuliza ni nani basi aliyechanganyikiwa. Alipokwenda shule ya Mkwawa, Iringa, wakafundishwa kanuni ya Newton juu ya kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu wa huko alimjibu kwamba hiyo ni fizikia yake Mpemba mwenyewe, si fizikia ya watu wote; na tangu siku ile kila alipokosea hesabu darasa zima lilimcheka kwa maneno hayo. Akangoja mpaka maabara ya biolojia ikawa tupu, akajaza bilauri mbili ndogo, moja kwa maji ya bomba na moja kwa maji ya moto, akazitia katika jokofu, akaona barafu nyingi zaidi katika ile ya maji ya moto.

Kisha Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alikuja shuleni kuzungumza na wanafunzi. Mpemba alisimama mbele ya watu wote akauliza swali lake lile lile. Wenzake walicheka, na baadaye wengine wakamlaumu kwa kuwaaibisha mbele ya mgeni. Osborne hakuamini, kama alivyokiri mwenyewe baadaye, lakini alifanya jambo ambalo walimu wawili wa mwanzo hawakulifanya: aliahidi kulijaribu, na aliporudi Dar es Salaam alilijaribu kweli. Mwaka 1969 makala ya watu hao wawili ilitoka katika jarida moja la walimu wa fizikia la Uingereza. Wakati huo Mpemba alikuwa Mweka, karibu na Moshi, akisomea uhifadhi wa wanyamapori, kazi aliyokuja kuifanya serikalini.

Umbo la makala hiyo ndilo liifanyalo ihusike hapa. Sehemu ya kwanza ni simulizi la Mpemba, lenye jokofu, maziwa, rafiki wa Tanga, kicheko cha darasa na yote. Sehemu ya pili ni ya Osborne, yenye vipimo na michoro. Mhariri angaliweza kuikata sehemu ya kwanza kuwa ni hadithi tu. Hakuikata, na kwa sababu hiyo maelfu ya walimu katika nchi nyingi wameisoma mbele ya wanafunzi wao. Simulizi lilihifadhi kitu ambacho vipimo haviwezi kukihifadhi, yaani namna swali linavyozaliwa na namna linavyokaribia kuuawa. Na vipimo vilifanya kazi yao: jambo hilo, ambalo leo huitwa kwa jina la Mpemba, limeendelea kubishaniwa. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha uchunguzi wao wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto huganda kabla ya maji ya baridi katika hali ya kawaida. Wengine wanaendelea kulitetea. Wapo walimu wanaodhani kwamba shaka hiyo imekiharibu kisa. Si kweli. Kisa chenye shaka ndani yake ndicho kifaacho zaidi darasani, maana mwanafunzi aonyeshwa kuwa hata aliyechekwa kwa makosa hapewi haki ya kuaminiwa bila kupimwa.

Sasa yarudiwe ya Kibaoni na simba wake. Desturi ya Wasukuma ni kwamba aliyeua simba kwa kulinda watu au mifugo alishukuriwa na jamaa na majirani. Alivaa mapambo ya ushujaa, akaenda akicheza, na katika kila boma akapewa kitu, fedha au hata ng'ombe. Ngoma hiyo ilikuwa habari kwa maana iliyo kamili: ilitangaza tukio, ilimtaja mtendaji, na zawadi ilikuwa namna ya kusema kwamba wasikilizaji wameamini. Lakini katika nchi zilizopakana na hifadhi ya Katavi mambo yalibadilika. Uchunguzi wa Emily Fitzherbert na wenzake, miongoni mwao Tim Caro na Monique Borgerhoff Mulder waliofanya kazi Mpimbwe na Katavi kwa miaka mingi, ulitolewa mwaka 2014, nao uliwauliza wachezaji wenyewe. Ikaonekana kwamba wako watu waliokuwa wakimfuata simba alipo, porini na hata ndani ya hifadhi, asiyedhuru ng'ombe wa mtu, ili wapate kucheza na kupewa. Mlipiza kisasi alikuwa amegeuka mwindaji. Ngoma ilikuwa ile ile na mapambo yale yale. Kilichotoweka ni ukweli wa tukio. Habari ilikuwa imegeuka hadithi, na wenye kutoa ng'ombe hawakuambiwa.

Kampeni iliyofuata ilipewa jina la Kiswahili, Watu, Simba na Mazingira, ikajulikana kwa kifupi chake, WASIMA. Yafaa kuutazama mpango wake kwa makini, kwa sababu haikuanza kwa kuwaambia Wasukuma kwamba desturi yao ni mbaya. Ilishika jambo ambalo wazee wenyewe walikwisha kulichukia, yaani kwamba wanadanganywa. Swali likawa: simba huyu aliua ng'ombe wa nani? Viongozi wa jadi wakahimizwa kuweka sheria zao wenyewe za kuwanyima zawadi, na hata kuwatoza faini, wale waliowinda simba bila sababu. Desturi ilitumiwa kuirudisha desturi mahali pake. Mchunguzi wa lugha ataona kwamba lililorudishwa ni ule usemi wa tatu uliotajwa hapo juu, wa kumwuliza msemaji amejuaje na shahidi wake ni nani, safari hii uwanjani badala ya barazani au kwa kadhi. Na walioulizwa ni watu ambao babu zao wa Shinyanga walifyeka vichaka si kwa kuamini kitabu bali kwa kuona.

Darasa la watoto laweza kufanya kazi hiyo hiyo kwa habari zilizokwisha chapishwa juu ya simba wa Tanzania, nazo si chache. Mwaka 2005 Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir walitoa taarifa kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania wasiopungua 563, wengi wao katika mikoa ya kusini mashariki. Walionyesha kwamba hatari ilizidi wakati wa mavuno, watu wanapolala mashambani kulinda mazao yao na nguruwe mwitu. Nguruwe hufuata mazao, simba hufuata nguruwe, na mtu yumo katikati. Mwaka 2011 Packer na wenzake walitoa taarifa ya pili. Walikuwa wamekusanya habari za watu zaidi ya 1,000 walioshambuliwa baina ya 1988 na 2009, wakazilinganisha na umri wa mwezi. Wakaona kwamba watu wengi zaidi walishambuliwa katika siku kumi zinazofuata mwezi mpevu, katika saa za mwanzo za usiku. Sababu waliyoitoa yaeleweka kwa mtoto ye yote wa shamba. Usiku wa mbalamwezi simba hapati windo kwa wepesi, maana huonekana. Mwezi ukiisha kupevuka huchelewa kuchomoza kila siku, likabaki giza baina ya saa 12 jioni na saa 4 usiku, wakati watu wangali nje na simba ana njaa.

Mwalimu aliye na taarifa hiyo mkononi ana somo la mwezi, la mzunguko wa dunia, la chakula cha wanyama, la hesabu na la lugha, kwa siku moja. Tena ana hadithi zote za wazee juu ya mwezi na wanyama wakali, ambazo hapana haja ya kuzifukuza darasani. Yatosha kuzitenga mezani upande wake, zile zilizokaribisha uongo tangu mwanzo na zile zinazodai kuwa kweli. Huyo Katabi wa mkwajuni hana ugomvi na taarifa ya Packer, maana hakudai kamwe kuhesabiwa. Lakini liko jambo ambalo mwalimu mwangalifu wa Mpimbwe hawezi kuliacha. Takwimu hizo nyingi zilikusanywa Lindi na Mtwara, nchi ya vichaka na mihogo, mbali sana na bonde la Rukwa. Je, simba wa Katavi, wenye nyati na pundamilia tele karibu nao, hufuata mwezi vivyo hivyo? Swali hilo laweza kuulizwa na mtoto wa miaka 12, na jibu lake halimo katika kitabu cha darasa. Limo katika daftari la zizi, la tarehe ambazo ng'ombe walipotea, ambalo watoto wenyewe waweza kuliandika.

Darasa la namna hiyo kwa Kiswahili lawezekana mpaka mwisho wa shule ya msingi. Mwaka 1982 tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makwetta ilipendekeza kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari kuanzia kidato cha kwanza mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na sayansi ya sekondari yafundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Kibaoni aliyezoea kumwuliza msimulizi amejuaje hufika kidato cha kwanza na swali lake tayari, akakaa kimya miezi mingi akilitafutia maneno, na jirani yake asiye na swali lo lote, aliyehifadhi istilahi, humtangulia katika mtihani.